Pasi Sita Nilizoziita Kumi na Moja

Wiki iliyopita nilikomea pabaya: ujiani, nyuma ya majukwaa, Tavion Rusk, nyota wa timu yetu, ameniwekea mkono begani na kuniambia, "Bi Wilma, nina neno na wewe." Watu watatu wameliandikia gazeti kunilaumu kwa kuwaacha hapo. Mmoja ameniita mwizi. Huyo ndiye aliyesoma vizuri kuliko wenzake.

Kwa anayenikuta njiani, mimi ni Wilma Hostetler, mjane wa miaka sitini na mitatu. Kwa miaka ishirini na sita nimekaa kwenye meza ya takwimu ya timu ya mpira wa kikapu ya Chuo cha Tillery, hapa Indiana. Kazi yangu ni kutazama na kusema. Nikisema "asisti, Rusk," mzee Orrin Fike aliye kando yangu anabonyeza kompyuta yake, na kuanzia hapo hiyo ni asisti ya Rusk mpaka kiyama.

Asisti ni pasi iliyozaa kikapu. Lakini iliyozaa kikapu moja kwa moja, au iliyosaidia tu kwa mbali? Hakuna mashine ya kuamua hilo. Kuna mdomo wangu, na mdomo wangu ndio ulioniponza.

Tangu Novemba nilikuwa namwongezea Tavion namba. Mwenzake anapokea pasi, anadunda mara nne, anawachambua mabeki wawili, anafunga kwa jasho lake mwenyewe, nami nasema "asisti, Rusk." Emmett Zook, mrefu wetu wa katikati, anauwahi mpira uliokosa kikapu na kumsukumia Tavion kwa ncha za vidole. Kwa sheria, hiyo ni ribaundi ya Emmett, kwa kuwa ndiye aliyeuelekeza mpira kwanza. Nami nasema "ribaundi, Rusk."

Hakuna aliyenituma. Kocha hakuniomba. Nilipenda tu kelele za watu jina lake linapotajwa, na nilipenda magari ya televisheni yalivyoanza kuegesha kwenye nyasi zetu. Kila asubuhi redioni wanabishana kama kijana huyu anastahili sifa zote hizi, na anayemtetea husoma namba zangu. Mimi nilikuwa nasikiliza huku napaka siagi kwenye mkate, najiona mtu wa maana.

Haya. Turudi ujiani, Ijumaa mchana, mazoezi yamekwisha.

Nilijua amenigundua. Nilishika ukuta.

"Wewe umenitazama kuliko mtu yeyote," Tavion akaanza. "Hata mama hajaniona uwanjani mara nyingi kama wewe. Nataka ukweli."

"Ukweli gani, mwanangu?"

"Mimi ni mzuri kama wanavyosema?"

Hakungoja nijibu.

"Kwa sababu hapa nyumbani napata asisti kumi na moja kila mechi. Ugenini tano. Timu ileile, pasi zilezile, Bi Wilma! Kuna kitu kibaya ndani yangu. Nikipanda basi la kwenda ugenini tumbo linakaza. Natapika kabla ya mechi. Kocha amenipeleka kwa mtaalamu, anasema ni woga wa kutazamwa na wasionipenda. Ananiambia nivute pumzi nihesabu mpaka kumi. Nahesabu. Bado tano."

Ndugu zangu, nilitamani sakafu inimeze. Kule ugenini walimhesabia kwa haki, maana hawakuwa na sababu ya kumpendelea. Tano zake zilikuwa tano. Za hapa kwetu ndizo zilizokuwa sita nikaziita kumi na moja. Kijana alikuwa anatibiwa ugonjwa ambao hakuwa nao, na mimi ndiye niliyemwambukiza.

"Jumatatu saa nne asubuhi nasimama mbele ya kamera," akaendelea. "Natangaza kwamba msimu ukiisha naacha chuo, naenda kutafuta timu ya kulipwa. Mama ameshaandika barua ya kuacha kazi kule mjini Gary. Miaka kumi na tisa anafua mashuka ya hospitali. Sasa kama mimi ni mwoga, huko kwenye timu za kulipwa watanijua siku ya kwanza. Ukiniambia nisiende, siendi."

Mlango ulikuwa wazi mbele yangu. Maneno yenyewe hayakuwa marefu. Tavion, nimekudanganyia namba, wewe si mwoga, kaa mwaka mmoja zaidi ujifunze. Basi. Yangekwisha.

"Kila nilichokiona ndicho nilichokisema," nikamjibu. "Nenda, mwanangu."

Akanikumbatia mpaka miguu yangu ikaacha sakafu.

"Asante," akasema. "Leo nitalala."

Nilikwenda kwenye gari nikakaa bila kuwasha. Nilijichukia, na niliogopa, na vyote viwili havikunifanya nirudi ndani.

Nilichofanya ni kujitafutia ujanja. Nilijiambia kesho yake, Jumamosi, nitahesabu kwa haki. Sitasema neno kwa mtu. Namba zitashuka zenyewe, Tavion ataziona, atafikiri upya kabla ya Jumatatu, na Wilma Hostetler atabaki na heshima yake. Mpango mzuri, si ndiyo? Mpango wa mtu anayetaka kutubu bila kuonekana kanisani.

Jumamosi mchana ilikuwa mechi ya mwisho ya nyumbani, ile ya kuwaaga wa mwaka wa nne. Wanaomaliza huingia uwanjani na wazazi wao, na kila mama hupewa maua. Mwaka huu aliyekuwa anamaliza ni mmoja tu, Emmett Zook. Aliingia akiwa katikati ya baba na mama, amewapita wote wawili kwa kichwa na mabega, masikio mekundu kwa haya.

Mtangazaji akawakumbusha watu kwamba Emmett ana ribaundi mia tisa tisini na tatu tangu aje chuoni. Rekodi ya chuo ni elfu moja na nne. Akidaka kumi na mbili leo, anaivunja.

Rekodi hiyo imekaa ukutani, kando ya mlango mkubwa, tangu mwaka 1979. Jina lililoandikwa hapo ni Dale Hostetler. Ndiyo. Marehemu mume wangu.

Mpira ukarushwa, mechi ikaanza. Orrin alikuwa na mkate wake wa nyama ya nguruwe ya kukaanga, nyama imeuzidi mkate pande zote, anaula kwa mkono mmoja na kubonyeza kwa mwingine.

"Ile asisti ya Rusk?" akaniuliza.

"Hapana. Aliyepokea amedunda mara nne."

"Mwezi jana angedunda mpaka nyumbani kwake ungempa."

"Andika ninachosema, Orrin."

"Naandika, mama, naandika. Sijasema kitu."

Nilihesabu kwa haki. Nakiri nilisikia raha kidogo, ile raha ya mtu aliyefagia chumba kimoja na kufunga mlango wa vingine. Kila Emmett alipougusa mpira kwanza, nilisema Zook. Kipindi cha kwanza kilipomalizika, ubao juu ya uwanja ulionyesha Zook ribaundi saba. Rusk, asisti mbili.

Mbili! Watu wakaanza kugeuka kutazama meza yetu.

"Wilma! Miwani umeisahau kwa daktari wa meno?" mmoja akapiga kelele nyuma yangu.

"Mwamsheni huyo bibi!"

Sikujali hao. Nilimwona Tavion. Alikuwa amesimama katikati ya uwanja, wenzake wanatoka, yeye anautazama ubao. Kisha akaitazama mikono yake. Akaondoka mbio kwenda vyooni.

Nikamfuata mpaka mlangoni, sijui nilitaka kufanya nini. Nilimsikia anatapika. Kocha alikuwa ndani naye.

"Kimenifuata, Kocha," Tavion akasema kwa sauti iliyokatika. "Kimenifuata mpaka nyumbani. Siwezi kurudi kule."

"Vuta pumzi. Hesabu."

"Kuhesabu hakusaidii!"

Mimi nilidhani nimeacha kumdhuru. Kumbe nilikuwa nimemdhuru zaidi, maana ukweli nilimpa bila kumwambia kwamba ni ukweli. Alichokiona yeye ni ugonjwa unaozidi. Nilirudi mezani.

Kipindi cha pili, dakika ya kwanza, Tavion anatoa pasi ya kawaida kabisa. Mpokeaji anadunda, anazunguka, anasita, anafunga.

"Asisti, Rusk," nikasema.

Orrin akanitazama. Akabonyeza.

Ubao ukabadilika: tatu. Tavion akainua macho, akaona. Mabega yake yakalegea kwa nafuu, na hapo nikajua nitaendelea.

Nilimpa asisti nyingine ya uongo, na nyingine tena. Tatu kwa jumla. Na sasa nitawaambia jambo ambalo hata leo silielewi, na wale mabingwa wa redioni waje wanieleze. Baada ya zile tatu za uongo, kijana alianza kucheza mpira ambao sijapata kuuona katika ukumbi ule. Alipitisha pasi mgongoni mwa beki bila kugeuza kichwa, mpira ukatua mikononi mwa Emmett chini ya kikapu, na Emmett mwenyewe akacheka. Asisti tano alizotoa kabla mechi kumalizika zilikuwa halali kabisa. Mtu yeyote wa mji wowote angempa.

Basi anastahili sifa au hastahili? Mimi niliyehesabu sijui. Nilimdanganya akawa hodari. Nilimwambia ukweli akatapika.

Lakini kuna aliyeilipia raha hiyo, naye alikuwa amesimama pale na masikio yake mekundu.

Mara ya kwanza Emmett aliusukuma mpira kwa vidole, Tavion akaudaka.

"Nani?" Orrin akauliza.

"Rusk."

Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu ilikuwa dakika mbili kabla ya mwisho. Tavion alikuwa na pointi ishirini na moja, asisti kumi, ribaundi tisa. Ribaundi moja tu zaidi na kesho magazeti yote yataandika kumi-kumi-kumi, yaani kumi au zaidi katika kila safu. Emmett akaruka, akaupiga mpira kwa vidole viwili juu ya vichwa vya watu, Tavion akaupokea kama zawadi.

Orrin akaondoa kidole kwenye kompyuta.

"Wilma. Nani?"

"Umeona nani kaudaka."

"Nimeona nani kaugusa kwanza. Nakuuliza wewe, kwa sababu kazi ya kusema ni yako."

"Rusk."

Akabonyeza. Mkate wake hakuugusa tena.

Tulishinda kwa pointi sita. Watu wakamwagika uwanjani, wakamwinua Tavion. Mtangazaji akasema ribaundi za Emmett Zook leo ni tisa, amemaliza na elfu moja na mbili, na tumpigie makofi kijana aliyeikaribia rekodi hivyo. Makofi yakapigwa. Emmett akapunga mkono na kuinama kufunga kamba za viatu ambazo tayari zilikuwa zimefungwa.

Nilikuwa nakusanya karatasi zangu mama yake alipokuja. Lavina Zook tunasali naye. Alikuwa na yale maua kifuani.

"Dada Wilma, mbona umekunja uso hivyo? Usihuzunike kwa ajili yetu."

"Lavina..."

"Zilibaki mbili tu kumfikia. Mume wangu Harley na mimi tumeambizana, kama si Emmett basi tunafurahi imebaki kwa Dale. Alikuwa mtu mwema, mumeo. Hakupata kuchukua kisicho chake."

Akachomoa ua moja akanipa. Nikalipokea.

Nimezika mume, nimewahi kuanguka kanisani mbele ya watu nikiwa nimebeba chai ya kwaya nzima, nimeambiwa na daktari vua nguo mbele ya wanafunzi sita. Aibu ya ua lile sijaionja popote. Naapa sikumfikiria Dale nilipokuwa nazitoa ribaundi za Emmett. Nimeapa hivyo mara nyingi tangu siku ile, na kila nikiapa natafuta moyoni kama ni kweli, na sipati jibu linaloniridhisha.

Nikaenda kumtafuta Tavion.

Alikuwa kwenye chumba kidogo cha matibabu, peke yake, mguu umo kwenye ndoo ya barafu. Uso wake uling'aa aliponiona.

"Bi Wilma! Umeona? Kimeondoka! Kipindi cha pili kimeondoka chenyewe!"

"Sikiliza, mwanangu, na usinikate kauli. Nikisimama sitaweza kuanza tena."

Nikamwambia. Nilimwambia yote, tangu Novemba. Zile za leo nilizitaja moja moja. Pua ilinitoka makamasi, na sikujipangusa.

Halafu akauliza swali ambalo sikulitazamia.

"Nyumbani, kwa haki, napata ngapi?"

"Sita."

"Na ugenini tano?"

"Tano za kweli."

"Sita, tano," akasema polepole. "Sita, tano! Kwa hiyo sikuwa naogopa." Akaanza kucheka, machozi yanamtoka, anapiga paja kwa kiganja. "Bi Wilma, sikuwa naogopa! Mimi ni yuleyule kila mahali!"

Nami nikacheka pamoja naye, mjinga mimi. Nikadhani nimesamehewa.

Kicheko kikaisha. Nikaona anaanza kuihesabu ile sita upya, kwa upande wake mwingine.

"Sita," akasema. "Wapo wengi wa sita."

"Wapo."

"Na Emmett? Umesema leo umempunguzia tatu."

"Leo tatu. Tangu Novemba, labda arobaini."

Akautoa mguu kwenye barafu. Akachechemea mpaka mlangoni, akaufunga, akauegemea.

"Nani mwingine anajua?"

"Wewe tu."

"Orrin?"

"Orrin anaandika ninachosema."

"Basi mpaka Jumatatu saa nne, Bi Wilma, hukuja humu. Hujaniambia kitu."

"Tavion, nimekuja ili nikaseme kwa mkuu wa chuo. Leo hii. Kijana wa watu—"

"Mama ameacha kazi." Hakupandisha sauti. "Jana nilikuuliza. Nilikuuliza hapo ujiani, nikakuambia ukisema nisiende siendi. Wewe ndiye uliyesema nenda."

Nikalitazama lile ua la Lavina mkononi mwangu.

Mlango ukagongwa. Tavion akasogea, Emmett akaingia ameinama kukikwepa kizingiti cha juu, mkononi sahani ya pai ya krimu yenye vipande viwili.

"Nilijua mtakuwa mmejificha," akasema. "Mama kasema msipokula atalia. Halafu, Bi Wilma, naomba radhi mapema, baba anakuja. Yeye huhesabu mwenyewe kwa penseli, mechi zangu zote, tangu niko shule ya msingi. Leo kapata ribaundi kumi na mbili." Akacheka, masikio yakawa mekundu. "Nimemwambia, baba, macho yako yamechoka. Bi Wilma hajakosea kwa miaka ishirini na sita. Si ndiyo?"

Nikafungua mdomo.

"Hajakosea hata mara moja," Tavion akasema.

Alisema akimtazama rafiki yake usoni, bila kupepesa. Miezi yote ile sikuwahi kumsikia kijana huyu akisema uongo. Emmett akamkabidhi sahani na kumpiga kofi la mgongo.

Mzee Harley Zook akaingia akiwa ameshika kofia. Akanisalimia kwa heshima, akaomba samahani kwa kutusumbua, akasogeza ndoo ya barafu kwa mguu na kukunjua karatasi yake juu ya meza. Ilikuwa imejaa vijistari vya penseli, safi, mstari mmoja kwa kila ribaundi, na kando yake dakika.

"Sikuja kugombana, dada Wilma," akasema, akivaa miwani. "Nataka tu unionyeshe nilipokosea. Tuanze na kipindi cha pili."